Upungufu wa Maji, Upungufu wa Damu: Historia ya Kuandika na Kusimba Utambuzi wa Ugonjwa, kwa Kurejelea Pasua na Mji wa Moshi

1.0 Utangulizi

Kata ya Pasua iko upande wa kusini wa Manispaa ya Moshi, mahali ambapo mteremko wa Kilimanjaro unalegea na tambarare inaanza. Kituo cha afya cha kata hiyo ni cha serikali, na kama vituo vingine vya serikali Tanzania Bara, kila mgonjwa anayehudumiwa hapo huacha nyuma yake mstari mmoja katika kitabu. Mstari huo hubeba tarehe, umri, jinsi, makazi, utambuzi wa ugonjwa na tiba aliyopewa. Mwisho wa mwezi mistari huhesabiwa, hesabu hupelekwa manispaa, kisha mkoa, kisha wizara. Mtoto aliyefikishwa akiwa na macho yaliyodidimia na ngozi isiyorudi haraka inapofinywa huwa sehemu ya tarakimu.

Makala haya yanachunguza historia ya jambo moja tu katika safari hiyo, yaani namna hali ya mwili kupoteza maji au kupungukiwa na ujazo wa damu ilivyopewa jina, ikaandikwa, na hatimaye ikapewa msimbo. Kwa mtazamo wa haraka, suala hili linaonekana kuwa la makarani. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba jina linaloandikwa katika safu ya utambuzi limekuwa likiamua mambo mawili mazito: tiba anayopewa mgonjwa aliye hai, na iwapo aliyefariki ataonekana katika takwimu za taifa kuwa amekufa kwa sababu inayoweza kuzuilika. Ushahidi umechukuliwa kutoka Moshi na miteremko ya mlima, wilaya ya Hai, Muheza mkoani Tanga, na kutoka historia pana ya Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, ambalo Tanzania hulitumia kama mwanachama wa Shirika la Afya Duniani.

2.0 Kabla ya misimbo

Upungufu mkali wa maji mwilini uliingia katika kumbukumbu za Afrika Mashariki kwa mlango wa kipindupindu. James Christie, tabibu aliyefanya kazi Zanzibar katika zama za masultani, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu katika eneo hili. Alifuatilia namna ugonjwa ulivyosafiri na misafara ya biashara, ikiwemo njia ya bonde la Pangani, ambayo ndiyo iliyounganisha pwani na nchi za Kilimanjaro. Kitabu hicho ni cha ramani na njia kuliko cha miili. Christie alitaka kujua ugonjwa umetoka wapi na umepita kwa nani. Kilichotokea ndani ya damu ya mgonjwa kilikuwa swali la watu wengine.

Watu hao walikwishalijibu kwa sehemu kubwa. Mwaka 1831 William O'Shaughnessy, daktari kijana wa Ireland, alipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu kaskazini mwa Uingereza akaona kwamba imepoteza maji na chumvi. Mwaka uliofuata Thomas Latta wa Leith, Uskoti, alijaribu kuyarudisha maji na chumvi hiyo moja kwa moja katika mshipa. Baadhi ya wagonjwa waliokuwa wamekwisha kukata tamaa walizinduka. Hata hivyo tiba hiyo iliachwa, ikasubiri miongo mingi kabla ya kukubalika. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba kwa mgonjwa wa kipindupindu mambo mawili hutokea kwa pamoja: mwili unakosa maji, na mishipa inakosa damu ya kutosha kuijaza. Kwa kuwa kipindupindu ndicho kilichofundisha madaktari somo hili, mambo hayo mawili yalizoeleka kuwa kitu kimoja.

Enzi za ukoloni hazikuleta ufafanuzi zaidi katika kumbukumbu. Orodha ya kimataifa ya sababu za vifo, iliyotokana na kazi ya Mfaransa Jacques Bertillon na kupokelewa mwaka 1893 katika mkutano wa wanatakwimu huko Chicago, ilikuwa na nafasi ya kuhara na uvimbe wa utumbo, ikigawanywa kwa umri: walio chini ya miaka miwili na waliozidi hapo. Mgawanyo huo ulikuwa na busara yake, kwa sababu mtoto mchanga hukauka upesi kuliko mtu mzima. Lakini orodha iliandika ugonjwa wa utumbo, si hali ya maji. Aidha, katika Tanganyika idadi kubwa ya vifo vya vijijini haikupita mbele ya daktari yeyote, hivyo haikuandikwa kwa jina lolote.

3.0 Ainisho la Kimataifa na msimbo E86

Shirika la Afya Duniani lilirithi kazi ya Bertillon na kutoa toleo la sita la ainisho mwaka 1948, ambalo kwa mara ya kwanza lilihusisha magonjwa pamoja na vifo. Toleo la kumi, linalojulikana kwa ufupisho wake ICD-10, liliidhinishwa na mkutano mkuu wa shirika hilo mwezi Mei 1990. Humo ndimo ulimo msimbo E86.

Msimbo huo una tarakimu mbili tu baada ya herufi, bila vigawanyo. Chini yake ainisho linaweka pamoja hali tatu: kukaukiwa maji, kupungua kwa ujazo wa plazma au wa maji yaliyo nje ya seli, na kupungua kwa ujazo wa damu. Kisha linaondoa baadhi ya hali na kuzipeleka kwingine. Mtoto mchanga aliyekaukiwa maji anahamia P74.1. Mshtuko wa mwili unaotokana na kupungua kwa ujazo wa damu unahamia R57.1, na ukiwa umesababishwa na ajali au jeraha unakwenda T79.4. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua anaandikwa chini ya O72. Kwa maneno mengine, hali moja ya mishipa kukosa kilichomo imetawanywa katika sura nyingi za kitabu kulingana na chanzo chake na ukali wake, wakati hali mbili ambazo kifiziolojia si moja zimefungiwa chumba kimoja.

Kwamba si moja halikuwa jambo jipya. Mtu aliyenyimwa maji safarini jangwani hupoteza maji zaidi ya chumvi. Chumvi ya damu yake hupanda, seli zake husinyaa, na kiu humtesa, lakini mapigo ya moyo na shinikizo la damu yanaweza kudumu vizuri kwa muda mrefu. Mtu anayehara sana hupoteza maji na chumvi kwa pamoja. Kinachopungua mapema ni kile kinachozunguka mishipani. Wa kwanza anahitaji maji polepole. Wa pili anahitaji maji yenye chumvi, na kwa haraka. Mwaka 1997 kundi la madaktari wa Marekani, Mange na wenzake, liliandika katika jarida la Annals of Internal Medicine kwamba mazoea ya kuyatumia maneno hayo mawili kama visawe yanaelekeza tiba kombo. Kichwa cha makala yao kilitaja wazi kwamba lugha ndiyo inayoongoza tiba. Miaka minane baadaye, Oktoba 2005, Marekani iligawanya msimbo wake wa zamani 276.5 ili kutenganisha kukaukiwa maji na kupungua kwa ujazo wa damu, na mgawanyo huo ukahamia katika toleo lake la ICD-10 lililoanza kutumika Oktoba 2015, yaani E86.0 na E86.1. Si uroho wa elimu peke yake uliowasukuma. Tangu mwaka 1983 bima ya wazee ya nchi hiyo hulipa hospitali kwa kufuata utambuzi ulioandikwa, na kila tarakimu ya ziada ina bei. Nchi zilizobaki na toleo la Shirika la Afya Duniani, Tanzania ikiwa miongoni mwake, ziliendelea na E86 isiyogawanyika.

Kanuni za kusimba vifo ziliongeza pazia jingine. Ainisho hutafuta sababu ya msingi, yaani ugonjwa au jeraha lililoanzisha mlolongo ulioishia kwenye kifo. Kwa kanuni hiyo, upungufu wa maji huhesabiwa kuwa tokeo la wazi la ugonjwa wowote wa kuambukiza wa utumbo. Cheti kinachotaja kuhara na upungufu wa maji husimbwa A09. Kinachotaja kipindupindu husimbwa A00. E86 hutoweka. Ikibaki peke yake, kwa sababu aliyejaza cheti aliandika upungufu wa maji na kuacha hapo, basi hukutana na hatima isiyo ya heshima: watafiti wa mzigo wa magonjwa duniani, kazi iliyoasisiwa na Christopher Murray na Alan Lopez katika miaka ya 1990, huiweka E86 katika kundi la misimbo taka, yaani misimbo isiyoeleza sababu halisi, na vifo vyake hugawiwa upya kwa hesabu kwenda kwenye magonjwa mengine. Kanuni hiyo ina mantiki kwa anayepanga kinga, maana anayetaka kuzuia vifo anahitaji kujua habari za choo na maji ya kunywa. Lakini inamficha mtu mwingine: yule ambaye angepona kama angepewa maji kwa wakati. Kifo cha kuhara ni kushindwa kwa kinga, na kifo cha kuishiwa maji ni kushindwa kwa tiba. Ainisho linaandika kimoja tu.

4.0 Lugha ya kituo cha afya

Wakati ainisho likijengwa Geneva, lugha nyingine ya upungufu wa maji ilikuwa ikitungwa Asia ya Kusini. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walionyesha huko Dhaka kwamba mchanganyiko wa maji, chumvi na glukosi unaonywewa kwa mdomo unaweza kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya dripu kwa wagonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliutumia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, nchini India, ambako dripu zilikuwa zimekwisha na ndugu wa wagonjwa ndio waliokuwa wakinywesha. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kudhibiti magonjwa ya kuhara, na pakiti za ORS zikaanza kuenea duniani, Tanzania ikiwemo.

Tiba hii ilihitaji utambuzi ambao muuguzi asiye na maabara angeweza kuufanya kwa macho na vidole. Ndipo yalipokuja madaraja matatu: bila upungufu wa maji, upungufu kiasi, na upungufu mkubwa. Mtoto anayehangaika, mwenye macho yaliyodidimia, anayekunywa kwa pupa, na ambaye ngozi ya tumbo lake inarudi taratibu ikifinywa, yuko daraja la kati. Aliyelegea, asiyeweza kunywa, ambaye ngozi yake inachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, yuko daraja la mwisho. Kila daraja lina mpango wake wa tiba, A, B au C. Mpango B ni mililita 75 za ORS kwa kila kilo ya uzito katika saa nne. Mpango C ni mililita 100 kwa kilo kwa njia ya mshipa, kwa saa sita kwa aliye chini ya mwaka mmoja na saa tatu kwa aliyezidi. Madaraja hayo yalichukuliwa na mkakati wa matibabu ya watoto kwa uwiano, IMCI, ambao Tanzania iliupokea mwaka 1996.

Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, MTUHA, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, uliyaingiza madaraja hayo katika vitabu. Taarifa ya wagonjwa wa nje ina mistari mitatu ya kuhara kulingana na kiwango cha upungufu wa maji, mbali na mistari ya kuhara damu na kipindupindu. Kuna pia rejesta ya kona ya kuhara, mahali ambapo mama huketi na kikombe na kijiko, mtoto akinyweshwa mbele ya macho ya muuguzi. Tangu mfumo wa kompyuta wa DHIS2 uenezwe nchi nzima kufikia mwisho wa mwaka 2013, tarakimu za vitabu hivyo huingizwa humo kila mwezi.

Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa takwimu za afya hawajalipa uzito unaostahili. Rejesta ya kituo kama cha Pasua, inayojazwa kwa kalamu na mtu mwenye foleni mlangoni, inahifadhi kitu ambacho cheti cha hospitali ya rufaa hakihifadhi: kiwango cha upungufu. A09 haisemi mtoto alifika akiwa mkavu kiasi gani. Mstari wa MTUHA unasema. Kinyume chake, mstari wa MTUHA hausemi chochote kuhusu kijidudu.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha matokeo ya hali hii. Mtoto wa miezi kumi analetwa kituoni Pasua wakati wa masika, amelegea. Anaandikwa kuwa na kuhara na upungufu mkubwa wa maji, anaanzishiwa dripu na kupelekwa Hospitali ya Mawenzi. Huko daktari wa zamu anaweza kuandika mshtuko wa mwili, yaani R57.1, kwa kuwa ndicho anachokiona usiku ule. Akihamishiwa KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya mlima, faili jipya linaweza kusoma kuhara, A09. Mtoto mmoja ana majina matatu, yote ya kweli, katika vitabu vitatu ambavyo havikuwahi kukaa meza moja. Akipona, anaweza kuhesabiwa mara tatu. Akifa njiani kati ya Pasua na Mawenzi, anaweza kubaki kwenye kitabu cha kwanza akiwa amepewa rufaa, na asionekane katika kitabu cha pili kabisa.

5.0 Vifo visivyopita hospitalini: kisa cha Hai

Juu ya mji, katika wilaya ya Hai, tatizo hili lilishughulikiwa kwa njia tofauti. Mradi wa AMMP, ulioendeshwa kati ya mwaka 1992 na 2004 na Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne, ulifuatilia vifo katika maeneo matatu: Hai, Morogoro Vijijini na baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Watu walioaminiwa vijijini walitoa taarifa za misiba. Baada ya muda wa maombolezo msimamizi mwenye mafunzo ya tiba aliitembelea nyumba, akawauliza ndugu maswali kuhusu siku za mwisho za marehemu. Majibu yalisomwa na madaktari, nao wakatoa sababu ya kifo. Donald McLarty, George Alberti, Henry Kitange na baadaye Philip Setel ni miongoni mwa waliohusika na kazi hii. Matokeo ya awali kuhusu vifo vya watu wazima yalichapishwa katika jarida la BMJ mwaka 1996.

Orodha ya AMMP ilikuwa na unyenyekevu ambao ni nadra katika fasihi ya misimbo. Haikudai kwamba ndugu wa marehemu wanaweza kutofautisha malaria na homa nyingine, kwa hiyo iliweka kundi la homa kali ikiwemo malaria. Kuhara kwa ghafla kulikuwa na kundi lake pia. Upungufu wa maji haukuwa na kundi. Ndugu angeweza kueleza kwamba marehemu alihara siku mbili, akakosa mkojo, macho yakaingia ndani, lakini maelezo hayo yalitumika kuthibitisha kuhara, kisha yakabaki katika dodoso. Hata hivyo yalibaki, na hilo ni muhimu. Tofauti na msimbo wa hospitali, masimulizi ya nyumbani yalihifadhi mfuatano wa saa: lini kuhara kulianza, lini mgonjwa alinyweshwa, lini usafiri ulipatikana kushuka mlimani.

6.0 Neno lililokuwa limekwisha kuchukuliwa

Kiswahili kimechangia ugumu huu kwa namna yake. Kwa hali ya kukaukiwa maji lugha ina msamiati wa kutosha: upungufu wa maji mwilini, kuishiwa maji, kukaukiwa. Kwa hali ya kupungua kwa ujazo wa damu mishipani, tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa upungufu wa damu. Lakini neno hilo lina mwenyewe. Tangu zamani upungufu wa damu ni ule ugonjwa wa viganja vyeupe, wa damu kukosa wekundu wake, unaotokana na malaria, minyoo, lishe duni au uzazi wa karibu karibu. Mzazi akiambiwa mwanawe ana upungufu wa damu, anaelewa kwamba anahitaji kuongezewa damu, na anaanza kuwaza ni ndugu gani atajitolea. Akiambiwa ana upungufu wa maji, anaelewa kwamba atatundikiwa dripu. Hakuna neno la tatu kwa mtoto ambaye damu yake ni nyekundu ya kutosha lakini ni kidogo, wala kwa yule ambaye mishipa yake haijapungukiwa ila moyo na mzunguko vimechoka kwa ugonjwa mwingine.

Kwamba pengo hilo si la kisarufi tu lilidhihirika mwaka 2011. Utafiti uliojulikana kwa jina la FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, ulihusisha hospitali sita za Afrika Mashariki: Kilifi nchini Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Hospitali Teule ya Muheza nchini Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa katika makundi matatu. Makundi mawili yalipewa maji ya mshipa kwa wingi na kwa haraka, moja kwa maji ya chumvi, jingine kwa albumini. Kundi la tatu halikupewa maji ya ghafla. Waliokuwa na kuhara kama tatizo lao kuu hawakuingizwa, kwa sababu haja yao ya maji haikuwa na shaka.

Ilitarajiwa kwamba maji yangeokoa maisha, kama mwongozo wa nchi tajiri ulivyofundisha kwa miaka. Mwezi Januari 2011 utafiti ulisimamishwa. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, dhidi ya asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Kwa kila watoto mia moja, maji yaliyotolewa kwa nia njema yaliongeza vifo kama vitatu. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na malaria, na karibu theluthi moja walikuwa na upungufu mkali wa damu, kwa maana ya kawaida ya neno hilo.

Matokeo hayo yalipingwa na baadhi ya wataalamu wa wagonjwa mahututi, hasa wa nchi ambazo kila mtoto mahututi hupata mashine ya kumsaidia kupumua. Ubishi huo una haki yake, lakini hauwahusu sana watoto wa wodi za Muheza au Moshi. Kwa historia ya misimbo, somo la FEAST ni jingine. Mikono ya baridi, mapigo ya haraka na kulegea vilikuwa vimezoeleka kusomwa kuwa upungufu wa ujazo, na upungufu wa ujazo ulikuwa umezoeleka kusomwa kuwa upungufu wa maji. Minyororo hiyo miwili ya visawe ilimfikisha mtoto wa malaria kwenye dripu ya mtoto wa kipindupindu. Chumba kimoja cha E86 hakikuleta kosa hilo peke yake, ila kiliakisi fikra iliyolizaa.

7.0 Moshi na uaminifu wa safu ya utambuzi

Mji wa Moshi wenyewe umetoa ushahidi mzito kuhusu umbali uliopo kati ya neno linaloandikwa na ugonjwa uliopo. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walionyesha katika BMJ kwamba kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali katika hospitali kumi za Tanzania ya kaskazini, ni asilimia 46.1 tu waliokutwa na vimelea. Kisha John Crump na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa homa waliolazwa KCMC na Mawenzi kati ya 2007 na 2008. Kati ya wagonjwa 870, malaria ilikuwa utambuzi wa daktari kwa 528, yaani asilimia 60.7. Vipimo vya kina vilionyesha kwamba ilikuwa sababu halisi ya homa kwa wagonjwa 14.

Tofauti hiyo, 528 kwa 14, inapaswa kusomwa na kila anayetumia takwimu za hospitali kama chanzo cha historia. Haimaanishi kwamba madaktari walikuwa wazembe. Waliandika neno lililokuwa na dawa kabatini. Ni busara kudhani kwamba upungufu wa maji, hali ambayo dawa yake ipo katika kila kituo, nao huandikwa kwa mantiki hiyo hiyo: zaidi pale ambapo pakiti na chupa zipo, na kidogo pale ambapo hazipo. Ikiwa ni hivyo, mwezi ambao ORS imekwisha stoo unaweza kuonekana katika grafu ya DHIS2 kuwa mwezi wa nafuu.

Milipuko ya kipindupindu hugeuza mambo kwa muda. Mwaka 1997, mwaka mbaya kuliko yote nchini, Tanzania ilitoa taarifa ya wagonjwa 40,249 na vifo 2,231. Katika mlipuko ulioanza Agosti 2015 jijini Dar es Salaam na kuenea hadi mikoa ya kaskazini, wagonjwa walizidi 30,000 kufikia mwanzoni mwa 2018. Nyakati kama hizo kambi hufunguliwa, orodha za wagonjwa huandikwa jina kwa jina, na kila anayehara anatazamwa macho na ngozi. Kumbukumbu za upungufu wa maji huwa bora kuliko wakati wowote mwingine. Mlipuko ukiisha, kambi hufungwa na kuhara hurudi kuwa jambo la kawaida, wakati watoto wanaendelea kukauka kwa virusi vya rota na vijidudu vingine visivyotangazwa redioni.

8.0 Toleo la kumi na moja

Toleo jipya la ainisho, ICD-11, lilianza kutumika rasmi kimataifa tarehe 1 Januari 2022. Upungufu wa ujazo umepewa msimbo 5C70, na safari hii kukaukiwa maji na kupungua kwa ujazo wa damu vimepewa matawi tofauti, kama Marekani ilivyofanya mapema. Toleo hilo linaruhusu pia misimbo kadhaa kuunganishwa, hivyo inawezekana kuandika kwa mstari mmoja ugonjwa wa utumbo, hali ya maji na ukali wake. Kwa nadharia, kile ambacho rejesta ya kona ya kuhara imekuwa ikikihifadhi kwa kalamu kinaweza sasa kukaa pamoja na kile ambacho cheti cha hospitali kimekuwa kikikihifadhi peke yake.

Utekelezaji wake utategemea mambo ambayo Geneva haiyaamui. Anayejaza kitabu lazima awe amemtazama mtoto macho na kumfinya ngozi, na awe na muda wa kuandika alichokiona. Cheti cha kifo kinahitaji kujazwa na mtu aliyefundishwa mlolongo wa sababu, na kifo cha nyumbani kinahitaji kufika kwa msajili. Waandishi wa miongozo ya Kiswahili nao wana kazi yao, ya kupata neno la kupungua kwa ujazo wa damu ambalo mzazi wa Pasua hatalisikia kama agizo la kutafuta mchangia damu. Ujazo pungufu wa damu ni pendekezo moja linalowezekana. Lina ukakasi, lakini halina mwenyewe mwingine.